Gauni limesimama, mwenyewe hayupo

Maswali ya wasomaji, Shangazi anajibu

Mwezi huu barua zimekuja na picha, na kuna picha moja imezua maneno kweli kweli, gauni la zamani lililochorwa kwa rangi ya maji. Nimeamua tuanze na hilo, wengine mtafuata humo humo manake maswali yenu yanagusana.

Shangazi habari ya huko Kampala. Mimi ni mwalimu wa nasari hapa Tororo. Binti yangu aliniprintia picha ameitoa kwenye intaneti, ni gauni la kizungu la zamani, rangi ya waridi iliyopauka, mikono imetuna juu alafu inabana mpaka kwenye kifundo, shingoni kuna kola ya kusimama yenye lesi. Limechorwa kwa rangi ya maji, halina mtu ndani, nyuma hakuna hata ukuta, karatasi tupu. Chini pameandikwa Index of American Design. Mimi naipenda nimeitundika sebuleni, lakini mume wangu kila akikaa kula anaiangalia anasema hii kitu haijaisha, aliyechora alichoka akaenda zake, ati bora ningenunua picha ya simba. Nimtetee vipi hili gauni? Na kusema ukweli mimi mwenyewe sijui ninachokipenda ni nini hasa. — Mama wa Tororo

Mama wa Tororo, asante kwa kunitumia, nimeifungua kwenye simu nikaikuza na kuikuza mpaka simu ikaanza kuganda.

Mwambie baba watoto picha imeisha. Hilo jina la chini ndo linaeleza kwa nini haina ukuta wala mtu. Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulianguka vibaya, mamilioni hawana kazi na wachoraji wakiwemo, sasa serikali ya Roosevelt ikaanzisha mipango ya kuwapa watu ajira, na upande wa wasanii kukawa na mpango unaitwa Federal Art Project, ulianza 1935. Huo mradi wa Index of American Design ulikuwa humo ndani. Wazo lenyewe lilitoka kwa wanawake wawili wa New York, Romana Javitz aliyekuwa anasimamia mkusanyo wa picha kwenye maktaba ya umma ya mji ule, na Ruth Reeves mbunifu wa vitambaa. Watu walikuwa wanakuja maktaba kutafuta picha za vitu vya zamani vya kwao wenyewe, vya Marekani, hawazipati, za Ulaya ndo zimejaa. Basi wachoraji mia kadhaa wakatumwa kwenye makumbusho na kwa watu waliokuwa na vitu vyao, wachore vitu vilivyotengenezwa na mikono ya watu wa kawaida, magauni, mablanketi ya viraka, wanasesere, viti, vyungu, hata wale majogoo wa bati wanaokaa juu ya paa kuonyesha upepo unakotoka. Kazi ilisimama 1942 na zilikuwa zimepatikana picha zaidi ya 18,000, na mwaka uliofuata zikapelekwa National Gallery of Art pale Washington, ziko huko mpaka leo.

Sasa fikiria wewe ndo mchoraji, umetoka kwenye njaa, umepewa gauni moja na karatasi na unaambiwa chora hiki kitu kama kilivyo, usiongeze maua, usiweke dirisha lenye pazia, usiweke msichana mrembo, na usionyeshe mbwembwe zako. Mbinu waliyofundishwa wengi wao ilikuwa ya utaratibu sana, mmoja wa waliofundisha alikuwa Suzanne Chapman wa makumbusho ya Boston, na chimbuko lake ni ile namna ya kuchora vitu vilivyofukuliwa Misri, yaani mtu anachora ili aliye mbali ambaye hatakiona kile kitu maisha yake yote akijue. Kwa hiyo ukuta haukusahaulika. Ukuta ungemsumbua mtazamaji tu.

Haya, tuingie kwenye gauni lenyewe, kuza picha na wewe tuende pamoja.

Anzia begani pale mkono unapoungana na mwili. Kitambaa kimekusanywa kukusanywa kikaingizwa kwenye mshono, na kila kimkunjo kimepewa mstari mwembamba wa kijivu upande mmoja tu, upande wa pili ameacha. Hakuna mistari miwili inayofanana urefu. Mingine inafika mpaka katikati ya tuno la mkono ikapotea, mingine imekatika baada ya kidogo tu kwa sababu pale kitambaa kilikaza. Mtu anayechora mkono wa gauni kutoka kichwani ataweka mikunjo mitano sawasawa kama vidole, huyu aliihesabu ile iliyokuwa mbele yake, na hicho nadhani ndo unachokipenda bila kujua, kwamba kuna mtu alikaa na hilo gauni akaliangalia kuliko hata aliyelivaa.

Alafu teremka kwenye sketi. Ile waridi si rangi moja, chini kuna kijivu chepesi kilipakwa kwanza kikaachwa kikauke, ndo ikaja waridi juu yake nyepesi sana, kwa hiyo kivuli unakiona kwa chini kupitia rangi. Rangi ya maji ndo ilivyo, ni unga wa rangi na gundi ya mgunga, ile gundi inayotoka Sudan na hata Karamoja wanaiokota, ukichanganya na maji mwanga unapita unagonga karatasi unarudi. Ndo maana linaonekana lina uhai hivi wakati ukiangalia vizuri rangi iliyotumika ni kidogo mno. Na upande wa kushoto chini, karibu na pindo, utaona kijimstari kilichokolea kidogo kina ukingo mkali, hicho hakikuchorwa na brashi. Ni maji yalikauka yakasukuma rangi pembeni, na mchoraji kwa ujanja wake akayaacha yakauke pale pale palipokuwa na mkunjo. Wengine hicho wanakiita doa wanalia, huyu kakipa kazi.

Sasa mpe baba watoto kazi ya kufanya akiwa anasubiri chakula, atafute mahali palipopakwa rangi nyeupe. Hatapata. Ile lesi ya kola yote ni karatasi, mchoraji amepaka vishimo vya lesi, yale matundu madogo, kwa kijivu kilichochanganyika na waridi ya shingo, na nyuzi nyeupe zimebaki zenyewe kwa kuwa hakuzigusa. Wapo wachoraji wa mradi ule waliotumia rangi nzito nyeupe pale walipobanwa na siwalaumu, lakini huyu alijizuia, na kwenye rangi ya maji ukishapaka umepaka, ni kama chumvi ikishazidi kwenye mchuzi, utaongeza maji lakini kila mtu mezani atajua. Kwa hiyo kabla hajaanza kola alikuwa ameshajua kila tundu linakaa wapi. Karibu na kifungo cha juu bado kuna alama ya penseli ameiacha, ukiiona utajua alipimia hapo.

Na gauni lenyewe ni la lini? Hukuuliza lakini nakuongezea. Mkono ukituna juu kabisa begani mpaka bega linasimama, na shingo imefungwa na kola ndefu, mimi nasema miaka ya 1890, hasa katikati hapo karibu na 1895 mikono ilipokuwa mikubwa kupita kiasi. Kuna kipindi kingine cha mikono mikubwa, miaka ya 1830, ila kule mshono wa bega unashuka chini na tuno linaning'inia kuelekea kwenye kiwiko, na sketi inaacha vifundo vya miguu nje. Ukishajua hilo huwezi kuchanganya tena, utakuwa unaangalia picha za magauni ya zamani unamtajia mumeo miaka mpaka achoke.

Picha ya simba muache anunue, ukuta si upo.

Shangazi mimi ni mwanafunzi wa S5 Mbale, nasoma sanaa. Tumebishana darasani, kama miaka ya 1930 kamera zilikuwepo, kwa nini wapoteze muda wote huo kuchora magauni badala ya kupiga picha tu waende nyumbani? — Mbishi wa Mbale

Mbishi, swali zuri, na darasani mlikuwa mnabishana bila tarehe. Kamera zilikuwepo lakini karibu zote za nyeusi na nyeupe. Filamu ya Kodachrome ilitoka 1935, mwaka ule ule wa mpango wa wasanii, ilikuwa mpya na ghali, na kuchapa picha za rangi vitabuni kulikuwa kazi kubwa ya gharama. Na tusisahau lengo la kwanza lilikuwa watu wale wapate mshahara, kamera moja ingeajiri wangapi?

Lakini hata leo na simu zetu hizi, nakuomba ujaribu kitu kimoja. Chukua gauni jeusi la mama lenye tarizi nyeusi ulipige picha. Utapata bonge jeusi. Ukiongeza mwanga, tarizi inaonekana lakini weusi umekuwa kijivu cha vumbi. Mchoraji anaweza kukupa vyote viwili kwenye karatasi moja, weusi ubaki mweusi na uzi uonekane, manake jicho lake linasogea, anaangalia kivuli, anasubiri macho yazoee, anarudi kwenye mwanga, alafu anaamua. Kamera inachukua kilichopo mbele yake kwa sekunde hiyo basi.

Kuna jambo lingine liangalieni darasani, rangi. Gauni la 1830 lilitiwa rangi za mimea na wadudu, nili, madda, kochinili. 1856 kijana wa Kiingereza William Henry Perkin, ana miaka 18 tu, akajikuta ametengeneza zambarau maabara, na baada ya hapo rangi za viwandani zikafurika, nyingine zikipauka haraka sana zikiona jua. Kwa hiyo mchoraji wa 1936 aliyekaa mbele ya gauni la bibi alikuwa anachora rangi iliyokwisha kuchakaa, na akawa mwaminifu akaichora hivyo hivyo imechakaa, kwapani imebadilika na kwenye pindo imeliwa na jua. Kwa hiyo mkisema waridi ya lile gauni la Tororo ni nzuri, kumbukeni mshonaji wake huenda alikuwa na waridi kali inayopiga kelele.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Jinja, nina mteja anataka gauni la zamani kwa ajili ya harusi, amenitumia picha za kuchorwa kama tatu hivi, zote rangi ya maji, anasema nishone kama hapo. Naweza kukata kutoka kwenye mchoro? Naogopa kuharibu kitambaa cha mtu. — Fundi wa Jinja

Marahaba fundi, na hongera kwa kuuliza kabla ya mkasi.

Inategemea mchoro ni wa nani. Kuna michoro ya fashoni, ile miguu mirefu kiuno kama sindano, hiyo ni ya kuuza ndoto, ukikata kwa hiyo mteja wako hatapumua. Na kuna michoro ya uchunguzi kama hii ya Index, hapo unaweza kusoma mengi kama una subira. Tafuta mishono kwanza. Mchoraji makini anaonyesha mahali vipande vinapokutana kwa mstari mwembamba ambao haukatiki hata ukipita kwenye mkunjo, mkunjo wenyewe unakatika, mshono haukatiki, ndo tofauti. Hesabu vipande vya sketi kutoka mbele mpaka ubavuni. Sketi za miaka ya 1890 nyingi zilikatwa vipande vyembamba kiunoni vinapanuka chini, kwa hiyo kiunoni hakuna marinda mengi mbele, upana wote umetupwa nyuma. Ukiona mbele pamelala laini alafu pindo ni pana, usikusanye kitambaa, kata vipande.

Kama gauni lina mistari au maua umebahatika, angalia mistari inaelekea wapi. Ikishuka wima katikati na kulala pembeni basi hapo kitambaa kimekatwa kwa mshazari au kipande kimeinama. Mchoraji hawezi kudanganya mistari, ukiifuata na kidole utajua kitambaa kiliwekwaje mezani.

Kitu ambacho mchoro hautakupa ni ndani. Bitana, vijiti vya kukaza kiuno, tepu ya kiunoni inayobeba uzito wa sketi, na kile kitambaa kigumu kinachoshikilia mkono usianguke, vyote hivyo vimefichwa na ndo vinavyofanya gauni likae vile. Lile gauni la Mama wa Tororo limesimama bila mtu, usidhani hariri inasimama yenyewe. Mikono ile ukiishona kwa satini ya bei rahisi ya Kikuubo, lile soko la Kampala, bila kitu ndani itaanguka kabla mchungaji hajamaliza kuomba. Kwa hiyo shona kwanza kwa amerikani, ile pamba nyeupe ya bei nafuu, mvalishe mteja, mpige picha, weka picha yako na mchoro pamoja kwenye simu ulinganishe bega na kiuno. Sehemu mbili hizo zikikaa sawa mengine atakusamehe.

Kuhusu mishono ya mkono, kama mteja anataka iwe ya zamani kabisa mkumbushe kwamba Singer alipata hati yake ya cherehani 1851, na kufikia 1890 mashine zilikuwa zimeshaenea, kwa hiyo gauni la kipindi kile lililoshonwa kwa cherehani ndo lenyewe hasa. Akitaka la 1830 hapo ndo kila kitu ni mkono, na bei iwe ya mkono pia, usione aibu, tena wewe mtu wa mji wa Nytil, kile kiwanda cha vitambaa, usiogope kuzungumza bei ya kitambaa.

Muulize pia kama ana picha ya nyuma. Wachoraji wa mradi ule saa zingine waliweka kimchoro kidogo cha mgongo pembeni, watu wanakikata wanapotuma WhatsApp kwa sababu wanaona kinaharibu picha.

Shangazi, jajja wetu wa Masaka ana gomesi, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, aliyovaa kwenye kwanjula yake, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, imehifadhiwa kwenye sanduku la bati na majani ya kufukuza wadudu. Yeye bado yupo ana nguvu zake. Tumechanga wajukuu tunataka tumtafute kijana wa sanaa aichore kwa rangi ya maji tumpe jajja zawadi. Tumeona gauni za kizungu zikichorwa hivi ni nzuri sana. Tuanzie wapi, na tutajuaje kazi ikiwa nzuri? — Wajukuu

Wajukuu mmenifurahisha. Yaani sisi tunachora twiga na machweo ya Ziwa, gomesi tunaiacha kwa wapiga picha wa harusi.

Jambo la kwanza, msimpe mchoraji picha ya simu mkamwambia toa hapa. Mpeni gomesi yenyewe aione, kama hamwezi kuitoa nyumbani basi yeye aende Masaka, mlipieni taksi na chakula.

La pili ni hili, na ndo gumu. Gauni la kizungu limekatwa kwa umbo la mwili, ukilitundika kwenye stendi linajaa. Gomesi haiko hivyo, kwenye hanga ni kitambaa kingi kinaning'inia, mita zaidi ya tano na hakuna habari. Inakuwa gomesi pale kikoyi kimefungwa ndani kikaishikilia isigande mwilini, ikakunjwa mbele, ikafungwa mshipi chini ya kiuno na ncha zikaning'inia. Kwa hiyo lazima mtu avae, mjukuu mwenye mwili kama wa jajja wa wakati ule, jajja mwenyewe amfunge, na hapo msimsaidie jajja, kila mwanamke ana fundo lake. Mchoraji achore gomesi iliyovaliwa alafu amuache mvaaji nje ya karatasi, uso na mikono visiwepo. Hapo itabaki ya jajja.

Mtajuaje kazi ni nzuri? Angalieni ncha za mabega kwanza. Zile ncha zinazosimama ndo sahihi ya gomesi, na mchoraji mvivu atazifanya pembetatu mbili sawa kabisa. Kwa kweli moja huwa imelala kidogo kuliko nyingine, hasa nguo ikiwa imekaa sandukuni miaka. Alafu vile vifungo viwili upande wa kushoto kwenye shingo ya mraba, kitambaa kati ya kifungo na kifungo huwa kinavutika kidogo, kuna kivuli chembamba pale, kama hakipo basi amechora kutoka kichwani. Kama gomesi ina maua makubwa angalieni yanapofika kwenye mkunjo, ua linatakiwa livunjike, nusu izame na nusu ibaki juu, akiwa amechora maua mazima mazima juu ya mikunjo kama stika rudisheni. Na kama ni ya kung'aa, mng'ao uwe karatasi iliyoachwa, msikubali rangi nyeupe ya kubandika mwishoni.

Mwambieni mchoraji historia pia, itamsaidia mkono. Inasimuliwa kwamba vazi hili lilianzia kwa wasichana wa shule ya Gayaza, iliyoanzishwa 1905, likashonwa na mafundi Wagoa wa ukoo wa Gomes, ndo jina likabaki, na wengi husema lilishika kasi baada ya Irene Namaganda, mke wa Kabaka Daudi Chwa, kulivaa kwenye sherehe ya 1914. Sasa rudini kwenye gauni la Tororo, mabega yaliyotuna ya 1890, alafu tazameni mabega ya gomesi. Mimi siwezi kuapa kwamba moja limezaa lingine, ila ukiweka michoro miwili pamoja ukutani mabega yanasalimiana. Ningependa kuona hiyo, na siku moja mtu achore na kanzu ya babu, na lubugo pia, nguo ya magome ya mti, ile rangi yake ya udongo mwekundu na viraka vilivyoshonwa ambavyo wazee wanavijua kimoja kimoja.

Kijana mnayemtafuta, anzeni Makerere, kile chuo cha sanaa kinachobeba jina la Margaret Trowell aliyeanza kufundisha uchoraji pale miaka ya 1930. Ombeni kuona kazi zake za rangi ya maji, si akriliki, ni mikono tofauti kabisa. Karatasi iwe ya pamba, nzito, gramu 300, nyembamba itajikunja ikilowa. Mpeni nusu ya hela mwanzo na nusu akimaliza, na msimpe siku tatu. Ningesema pia msimwambie amfanye jajja apendeze, jajja hayumo kwenye picha.

Nilinunua picha ndogo ya rangi ya maji, mwanamke amevaa gauni la kitenge, ipo ukutani hapa Entebbe karibu na dirisha. Sasa kuna madoa madogo ya kahawia na buluu imekuwa hafifu. Rafiki ananiambia niipeleke wakaipige laminesheni. — Msomaji wa Entebbe

Usiipeleke. Laminesheni ni joto na plastiki yenye gundi, karatasi haitatoka humo tena. Vyeti vya shule sawa, mchoro hapana.

Buluu imeliwa na jua la dirishani na hairudi, iliyobaki ndo uiokoe kwa kuhamisha picha ukuta wa ndani usiopigwa na jua hata asubuhi. Makumbusho yenyewe michoro ya rangi ya maji huwa wanaitoa kwa miezi michache tu alafu wanairudisha gizani ipumzike. Madoa ni unyevu, upande wenu wa Ziwa kila kitu kinavuta maji, na saa zingine ni asidi ya kadibodi iliyowekwa nyuma ya fremu. Fungua fremu. Ukikuta kadibodi ya boksi na selotepu, toa kadibodi, selotepu usiivute kama imeshika karatasi. Weka karatasi ya kuzungushia isiyo na asidi ili kioo kisiguse mchoro, na nyuma ya fremu bandika vipande viwili vya kizibo chini ili hewa ipite kati yake na ukuta. Madoa usiyasugue na chochote, hata mkate, najua kuna mtu atakuambia mkate.

Shangazi hizo picha za magauni zinauzwa wapi na bei gani? Nipo Lira. — Kijana wa Lira

Hazina bei, ni bure. Ingia kwenye tovuti ya National Gallery of Art ya Washington, andika Index of American Design pamoja na dress, utapata magauni mpaka uchoke, na yaliyo huru wanakuruhusu kupakua kwa ukubwa mzuri, bila kuomba ruhusa. Chagua lile lenye faili kubwa kabisa, si ile ndogo ya kuangalia kwenye simu, manake ukiprinti ndogo lesi yote inakuwa uji.

Kuprinti hata hapo Lira wanaweza, ila ukipita Kampala Nasser Road kuna mashine za kila aina. Omba karatasi nzito isiyong'aa, ya kung'aa inaua rangi ya maji papo hapo, saizi A3 inatosha. Jamaa wa kompyuta atataka kuikoleza, wao wana huo ugonjwa, ataona karatasi ya picha ni ya njano njano atataka aifanye nyeupe na gauni liwe waridi ya harusi. Mwambie asiguse kitu. Atoe moja ya majaribio, toka nayo nje uiangalie kwenye mwanga wa mchana si chini ya taa za dukani, ukiona mistari ya penseli bado inaonekana ndo ulipe.